Majilio nyumbani: shada, mishumaa na nyimbo, tufanyeje hapa Tanga?

Mlezi wa Utoto, Makorora

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zetu Walutheri na Waanglikana, Bwana Yesu asifiwe.

Jumuiya yetu imekubaliana kwamba mwaka huu wa 2026 kila nyumba iwe na shada la Majilio (pete ya majani mabichi yenye mishumaa minne), na watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, ndio walitengeneze. Kuwaelekeza nimeachiwa mimi. Naomba msaada kwa wanaoyajua mambo haya vizuri.

Kwanza, watoto niwaambie Majilio ni nini hasa, zaidi ya "kujiandaa na Krismasi"? Jirani yangu Muislamu naye kaniuliza kama ni mfungo wetu mwingine, nataka nimpe jibu la uhakika. Pili, shada lenyewe: majani ya misonobari mpaka yashuke kutoka Lushoto, na madukani mishumaa ninayoiona ni myeupe tu. Kwa joto la Desemba hata hiyo inapinda. Tatu, kwa nini mshumaa mmoja una rangi ya waridi, na unawashwa lini? Mwisho, wanakwaya wetu wadogo wanataka kuanza nyimbo za Noeli Dominika ya kwanza kabisa. Niwaruhusu?

---

Sakristani, Chumbageni

Milele amina, dada. Nianze na tarehe, maana ndizo zinazochanganya watu. Dominika ya kwanza ya Majilio ni ile iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba. Haiwezi kutangulia 27 Novemba wala kupita 3 Desemba. Mwaka huu ni 29 Novemba. Dominika ni nne kila mwaka, ila wiki si lazima ziwe nne kamili: kipindi kinakuwa na siku 22 hadi 28, kutegemea Noeli imeangukia siku gani. Noeli ya 2026 ni Ijumaa, kwa hiyo tuna siku 26. Mwaka 2028 Noeli itakuwa Jumatatu, na Dominika ya nne itakuwa tarehe 24 yenyewe, asubuhi Misa ya Majilio na usiku Misa ya mkesha. Miaka ya namna hiyo wapambaji hupata shida sana, kwa sababu wana saa chache tu za kuvua zambarau na kuvika nyeupe.

Sasa maana. Ukiwaambia watoto kwamba Majilio ni kusubiri siku ya kuzaliwa Yesu, umewapa nusu. Kanisa linasubiri majio mawili: yale ya Bethlehemu yaliyokwisha kutokea, na yale ya mwisho wa nyakati yanayokuja. Ratiba ya masomo imegawanywa hivyo hivyo. Kuanzia Dominika ya kwanza mpaka 16 Desemba uzito uko kwenye kuja kwake mara ya pili. Kuanzia 17 hadi 24 Desemba ndipo masomo yanaelekea Bethlehemu waziwazi. Ndiyo maana tunaanza Mwaka B (wa pili katika mzunguko wa miaka mitatu ya masomo ya Misa) na Injili ya Marko 13:33-37, ambamo hamna hori wala wachungaji: bwana wa nyumba kasafiri, kila mtumishi kaachiwa kazi yake, na bawabu kaambiwa akeshe. Dominika ya pili na ya tatu anasimama Yohane Mbatizaji. Malaika Gabrieli na Maria (Luka 1:26-38) tunawasikia Dominika ya nne tu, 20 Desemba. Mtoto wa miaka minane anaielewa habari ya bawabu bila taabu. Usimnyime.

Kwa jirani yako: si mfungo. Zamani watu walifunga. Katika karne ya 6, kwenye nchi ambayo leo ni Ufaransa, palikuwa na agizo la kufunga Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martin, 11 Novemba, mpaka Noeli. Waorthodoksi bado wanafunga siku 40, kuanzia 15 Novemba hadi 24 Desemba. Kwetu Wakatoliki wa leo hakuna sheria ya kufunga katika Majilio. Ni kipindi cha kukesha, kusali, kutubu na kusaidia wenye shida, lakini kina furaha ndani yake. Alama yake iko kwenye Misa: "Utukufu kwa Mungu juu" hatuimbi, lakini "Aleluya" tunaimba. Katika Kwaresima vyote viwili vinanyamaza. Utukufu unawekwa akiba kwa sababu ni wimbo wa malaika wa usiku ule wa Bethlehemu. Angalizo: tarehe 8 Desemba, sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, mavazi ni meupe na Utukufu unaimbwa. Kwaya nyingi hujisahau siku hiyo, padre anasubiri nao wamekaa.

Rangi ya waridi. Dominika ya tatu, mwaka huu 13 Desemba, inaitwa Gaudete, kutokana na maneno ya Paulo kwa Wafilipi 4:4, "Furahini katika Bwana siku zote". Padre anaweza kuvaa waridi badala ya zambarau, na mshumaa umefuata rangi ya vazi. Kwa hiyo mpangilio ni huu: zambarau, zambarau, waridi, zambarau. Makosa ninayoyaona zaidi ni mawili. Watu huuacha waridi mpaka mwisho kwa sababu unapendeza. Au kila wiki wanawasha mpya peke yake na kuizima ya nyuma. Hapana: wiki ya kwanza mmoja, ya pili miwili, ya tatu mitatu, ya nne yote. Mwanga uongezeke macho yakiona. Mshumaa mweupe wa katikati, unaowashwa usiku wa Noeli, ni desturi nzuri lakini si lazima.

Kanisani shada lisiwekwe juu ya altare wala mbele ya mimbari ya Neno. Liwe pembeni, kwenye meza au stendi ya kimo cha kiuno, waamini waone mwanga na msomaji asipige kona kulikwepa. Mwombeni paroko ayabariki mashada ya nyumbani Dominika ya kwanza. Kama kigango chenu hakina Misa siku hiyo, baba au mama anaweza kuongoza sala ya kulibariki nyumbani.

---

Mkonge na Ukindu, Pongwe

Dada Mlezi, misonobari ya Lushoto iache Lushoto. Majani yanatakiwa yawe mabichi kwa sababu yanasimamia uzima usionyauka, aina ya mti si sharti. Pwani tunao mvinje, na mkonge tunao kuliko mahali pengine popote nchini.

Pete. Kwa meza ya nyumbani upana wa sentimita 40 unatosha. Kunja waya mgumu (nondo ya milimita 6 inafaa zaidi kwa shada la kanisani), kisha zungushia kamba ya katani mpaka unene ufike kama sentimita 4. Usitumie boksi la karatasi, nta ikidondoka linaloana mafuta na hapo umetengeneza utambi mkubwa.

Majani. Mzingo wa pete hiyo ni kama sentimita 126. Kata matawi ya mvinje urefu wa sentimita 12, funga manne au matano pamoja na uzi wa katani, hicho ni kishada kimoja. Unahitaji vishada 28 hadi 30. Kila kimoja kifunike shina la mwenzake na vyote vielekee upande mmoja, vinginevyo shada linaonekana kama kichwa kisichochanwa. Usiku kabla ya kufunga, simamisha matawi kwenye ndoo ya maji. Bado kwa joto la hapa yanakauka ndani ya wiki, na mvinje mkavu unashika moto haraka sana. Basi kila Jumamosi jioni toa vilivyogeuka kahawia, weka vipya. Mwarobaini usihangaike nao, unasinyaa siku ya pili. Mikoko usiguse kabisa, ni msitu uliohifadhiwa na kuikata kunahitaji kibali.

Kwa watoto napendekeza njia nyingine, tena naipenda zaidi: ukili, ule mkanda uliosukwa wa kushonea mikeka. Waone akina mama wasusi wa mikeka wakuuzie ukili wa ukindu uliokwisha kutiwa rangi ya zambarau au kijani, upana wa vidole vitatu. Kwa pete ya ukubwa huo pima 3 (pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) zinatosha pamoja na mafundo. Zungusha ukipandisha ukingo wa mzunguko mmoja juu ya ule uliotangulia kwa sentimita moja hivi, shona mwisho kwa sindano ya mikeka, kisha chomeka vishada vichache vya mvinje mbichi. Haipukutishi, na mwaka kesho unaitumia tena.

Vishikio. Chukua mikebe minne midogo ya nyanya ya kopo, safisha, ondoa ukingo mkali, ifunge kwa waya kwenye pete kwa umbali ulio sawa. Jaza mchanga uliolowa kidogo, shindilia, simamisha mshumaa mpaka chini. Mchanga wa baharini usiooshwa unatia mkebe kutu mapema, tumia wa mtoni. Kifuu cha nazi kinapendeza lakini kinaungua, kiache. Shada zima liketi juu ya sinia la bati.

Mishumaa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu hawapigi hesabu. Tuseme kila jioni mnawasha dakika 15. Mwaka huu mshumaa wa kwanza utawaka jioni 26, yaani saa 6 na nusu kwa jumla. Wa pili jioni 19, karibu saa 5. Wa tatu jioni 12, saa 3. Wa nne jioni 5, saa moja na robo. Kile kimshumaa chembamba cha kukatikia umeme hakifiki mwisho, kwa hiyo nunua cha akiba. Na lile jishumaa nene la inchi 3 nalo halifai, kwa sababu dakika 15 hazitoshi kuyeyusha nta mpaka ukingoni: linachimba kisima katikati, utambi unazama na mshumaa unajizima. Unene wa sentimita 3 hadi 4 ndio wenyewe, urefu 20.

Rangi: kwa nyumbani utepe wa zambarau na wa waridi unatosha. Nenda maduka ya vifaa vya ushonaji Ngamiani, kata sentimita 20 kwa kila mshumaa, funga chini kabisa karibu na mkebe, na uutoe mshumaa ukishuka. Anayetaka rangi yenyewe ayeyushe karibu kilo moja ya vipande vya mishumaa myeupe pamoja na krayoni 6 hadi 8 za zambarau (kwa waridi, krayoni 2 nyekundu), ndani ya kopo refu lililosimama kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Kamwe usiweke kopo moja kwa moja juu ya jiko, mvuke wa nta unawaka. Ikitokea imewaka, funika kwa mfuniko na zima jiko, usimwagie maji. Toa krayoni kwenye karatasi zake kwanza. Chovya mshumaa sekunde 2 au 3, toa, subiri dakika moja, rudia mara 3 au 4. Ukiushikilia ndani muda mrefu, rangi haikolei zaidi, unayeyuka tu. Rangi ya chakula na wino havifanyi kazi kwa sababu ni vya maji na nta inavikataa. Kazi hii ni ya watu wazima, watoto wafunge utepe.

Kupinda: usiache mishumaa kwenye shada mchana kutwa chini ya bati. Ing'oe, ilaze bapa mahali penye kivuli, irudishe jioni. Uliokwisha kupinda uweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, kisha uviringishe juu ya meza kama chapati isiyo na haraka, utanyooka. Ukiwasha, zima feni na funga dirisha la upande wa kaskazi. Upepo ndio unaofanya nta ichuruzike upande mmoja. Utambi ukate ubaki nusu sentimita kila jioni. Mwali ukishuka mpaka sentimita 5 kutoka kwenye majani, badilisha mshumaa.

---

Msharika wa Raskazone

Bwana Yesu asifiwe. Naongeza upande wetu, maana shada hili lilianzia kwa Walutheri. Johann Hinrich Wichern, mwanatheolojia wa Hamburg, Ujerumani, aliyekuwa analea watoto maskini katika nyumba iitwayo Rauhes Haus, mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa: minne mikubwa myeupe ya Jumapili, na midogo myekundu ya siku za kati. Watoto walikuwa wanamuuliza kila siku Krismasi imebaki siku ngapi, naye akawapa kitu cha kuhesabia. Majani mabichi yalikuja baadaye, na mishumaa ikabaki minne. Wakatoliki wa Ujerumani walilipokea katika karne ya 20.

Kwa hiyo mkiona nyumba ya Mlutheri ina mishumaa minne myekundu au minne myeupe, msiseme imekosewa. Zambarau tatu na waridi moja imetokana na mavazi ya Kikatoliki. Sisi mara nyingi tunaipa mishumaa majina: Tumaini, Amani, Furaha, Upendo. Majina hayo yanasaidia watoto kukumbuka, ila mpangilio unatofautiana kati ya sharika na sharika, kwa hiyo ulizeni kwa mwinjilisti kabla ya kuandika vibao.

Tofauti nyingine: katika mapokeo yetu ya zamani Injili ya Jumapili ya kwanza katika Majilio ni Mathayo 21:1-9, Yesu akiingia Yerusalemu juu ya punda. Anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani mchungaji amefungua ukurasa wa Matawi. Imewekwa pale kwa makusudi: Mfalme anakuja, nawe uko barabarani, utampokeaje?

Ibada ya nyumbani isizidi dakika 15, watoto watasinzia. Zimeni taa. Mmoja asome mistari michache, Isaya 40:1-5 ni mizuri sana kwa wiki ya pili. Washeni. Imbeni ubeti mmoja au miwili. Kila mtu ataje jina la mtu mmoja anayemwombea. Baba Yetu, basi. Mnaweza kugawana kuwasha: wiki ya kwanza mtoto mdogo kuliko wote, ya pili mtoto mkubwa, ya tatu mama, ya nne baba. Mtoto mdogo awashe kwa kijiti kirefu, mkubwa amshike mkono.

---

Mwalimu wa Kwaya, Bagamoyo

Kuhusu nyimbo za Noeli Dominika ya kwanza: dada, usiwaruhusu. Si kwa ukali, ni kwa sababu mtawanyang'anya Noeli yenyewe. Kwaya iliyoimba "amezaliwa" wiki nne mfululizo, ikifika usiku wa tarehe 24 haina kipya cha kutangaza. Mazoezi fanyeni hata kuanzia Oktoba, ila ndani ya ibada muimbe nyimbo za kungojea. Ala za muziki nazo zitumike kwa kiasi: kinanda kishike sauti, ngoma na kayamba zisizidi, ili Noeli isikike tofauti masikioni. Maua pia hayakatazwi, yasiwe mengi tu.

Mkitaka kitu kizito cha kuwafundisha watoto wenye umri wa kukariri, chukueni antifona (viitikio vifupi) saba kubwa za Masifu ya Jioni, sala rasmi ya jioni ya Kanisa, zinazotangulia Wimbo wa Maria kuanzia 17 hadi 23 Desemba. Kila moja inamwita Kristo kwa jina kutoka Agano la Kale: 17 Ee Hekima, 18 Ee Adonai, 19 Ee Shina la Yese, 20 Ee Ufunguo wa Daudi, 21 Ee Mawio ya Jua, 22 Ee Mfalme wa Mataifa, 23 Ee Emanueli. Kwa Kilatini, ukichukua herufi za kwanza za majina hayo kuanzia la mwisho kurudi la kwanza, unapata ERO CRAS, yaani "kesho nitakuwapo". Ni kama jibu la Kristo limo ndani ya sala ya kumwita.

Namna ya kuifanya na watoto: kadi saba, kila jioni moja inageuzwa. Mchoro mmoja kwa kila jina, funguo kwa tarehe 20, jua linalochomoza baharini kwa tarehe 21. Sisi wa pwani tunaotazama mashariki hatuhitaji kuelezwa sana hilo. Wimbo wa kila kadi uwe mstari mmoja, wote kwa tuni ileile. Ukibadilisha tuni kila siku watoto watashika saba nusunusu.

Novena ya Noeli, sala ya siku tisa, nayo inaanza 16 Desemba na kumalizika 24, kama jumuiya yenu inasali. Mnaweza kuunganisha: siku ya kwanza iwe ya ufunguzi, kadi siku saba zinazofuata, na tarehe 24 kusafisha na kupamba.

---

Mlezi wa Utoto, Makorora

Mungu awabariki sana. Nimeamua ukili, na kadi saba nazichukua. La mwisho: pango la Noeli tuliweke lini, na shada tulitoe lini?

---

Sakristani, Chumbageni

Pango mnaweza kuanza kulijenga katika Majilio, lakini pole pole. Tangu Mtakatifu Fransisko alipoandaa lile la Greccio, Italia, mwaka 1223, shabaha ni kuwafanya watu waone. Wiki ya tatu wekeni hori na wanyama. Kuanzia tarehe 17, Maria na Yosefu, tena mbali kidogo na hori, wasogezwe kila siku. Mtoto Yesu asiwekwe kabla ya usiku wa tarehe 24, hori likae tupu. Mamajusi waanzie upande mwingine wa chumba na wafike Epifania, sikukuu ya Tokeo la Bwana. Nyasi kavu na mishumaa havikai pamoja, kwa hiyo pango lisiwe karibu na shada.

Shada linamaliza kazi yake tarehe 24 kabla ya Masifu ya Jioni. Wengine huliacha mpaka Epifania kwa kubadilisha mishumaa yote kuwa myeupe, hilo halina ubaya. Ukilitoa, mvinje uende shambani kwenye mboji. Pete ya ukili ipigwe jua nusu siku, mikebe imwagwe mchanga, kisha itundikwe darini mahali pakavu, isilazwe sakafuni kwenye mchwa. Mabaki ya mishumaa yatenganishwe kwa rangi, yatafaa kuyeyushwa. Majilio yajayo yanaanza 28 Novemba 2027.